Kamba ya fundi na sentensi iliyogeuzwa

Ukipita Pasua hapa Moshi asubuhi msingi wa nyumba unapochorwa, utamkuta fundi na vigingi, kamba na futi kamba. Kwenye kona anapima meta 3 upande huu, meta 4 upande ule, kisha anasogeza kigingi mpaka toka alama hadi alama ziwe meta 5 kamili. Hapo kona imekaa skwea, yaani ni pembe mraba, ya nyuzi 90.

Nafundisha hisabati sekondari. Nikiuliza darasani fundi katumia nini, najibiwa kwa sauti moja: kanuni ya Pythagoras! Jibu hilo siliachi lipite. Kanuni inasema pembetatu ikiwa na pembe mraba, basi vipeo vya pili (urefu mara urefu huohuo) vya pande mbili fupi vikijumlishwa ni sawa na kipeo cha pili cha upande mrefu. Fundi pembe mraba hana bado, ndiyo anayoitafuta. Alicho nacho ni 3, 4 na 5. Ameisoma sentensi kutoka mwisho kurudi mwanzo.

Kurudi huko hakuruhusiwi kila mara. Namba inayogawanyika kwa 6 hugawanyika pia kwa 3, lakini 9 inagawanyika kwa 3 na kwa 6 inagoma. Mfano mmoja kama huo unatosha kuiangusha sentensi iliyogeuzwa. Ndiyo maana Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, aliithibitisha kanuni kwenye hoja ya 47 ya kitabu cha kwanza cha Elements, halafu mgeuzo wake akaupa uthibitisho wake wenyewe, hoja ya 48. Na ni uthibitisho mzuri mno! Chora pembeni pembetatu nyingine yenye pembe mraba ya uhakika, pande fupi 3 na 4. Kwa kanuni, upande wake mrefu ni 5. Sasa pembetatu zote mbili zina pande zilezile tatu, kwa hiyo pembe zake ni zilezile, na kona ya fundi ni mraba.

Je, futi kamba ikisoma 5.1? Hapo mgeuzo hauhitajiki. Ingekuwa pembe mraba ingesoma 5. Haikusoma 5, basi si pembe mraba. Wanafunzi wengi huyaona haya mawili kuwa kitu kimoja, nami huwa sivuki somo hili mpaka wayatenganishe kwa maneno yao.

Fundi akimaliza kona zote hupima msingi pembe kwa pembe, mara mbili, vipimo vilingane. Kazi ya nyumbani ninayotoa ni hii: vikilingana, je, lazima uwe mstatili? Trapeza (umbo la pande nne lenye pande mbili tu zilizo sambamba) yenye pande mbili za mshazari zilizo sawa nayo hulingana vipimo hivyo. Kwanza pande zinazotazamana ziwe sawa, ndipo kipimo hicho kinathibitisha mstatili.