Doa jeusi ziwani si lazima liwe mafuta

Kuhusu kusaka mafuta yaliyomwagika ziwani kwa setelaiti, husikika madai kadhaa yasiyo sahihi. "Mawingu yakitanda, setelaiti haioni kitu." Hiyo ni kwa kamera tu. Kusaka mafuta juu ya maji hufanywa zaidi na rada, kama ya setelaiti za Sentinel-1 za Ulaya, ambayo ya kwanza ilirushwa mwaka 2014. Rada hutuma mawimbi yake yenyewe, nayo hupenya wingu na giza.

"Doa jeusi kwenye picha ni mafuta." Hapa wengi hupotea, na nahodha asiye na kosa anaweza kuhukumiwa bure. Rada haitambui mafuta. Inapima kama uso wa maji una viwimbi au umelala. Upepo huamsha viwimbi vidogo vya sentimita chache, navyo huirudishia rada mawimbi yake. Mafuta yakitanda huvilaza viwimbi hivyo, pakaonekana peusi. Lakini maji yaliyokosa upepo nayo huwa meusi vilevile. Utando wa mwani, ule wa kijani tunaoujua Ghuba ya Mwanza, unaweza kufanya hivyohivyo. Sentinel-1 hupita kwetu karibu na macheo na machweo, na asubuhi ziwa likiwa shwari, picha inaweza kujaa weusi pasipo tone la mafuta. Kwa hiyo mchambuzi makini huuliza kwanza habari za upepo: chini ya mita 2 au 3 kwa sekunde, doa halithibitishi kitu, ukivuma sana, mawimbi huvuruga utando na doa hufifia. Kisha hutazama umbo. Mstari mrefu mwembamba unaofuata njia ya meli unatia shaka kuliko weusi mpana usio na kingo. Magugumaji ni kinyume: kwa kawaida hung'aa kwenye rada.

"Picha ikiwa safi, ziwa ni safi." Hii ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Lita moja ya mafuta, ikitandaa kwa unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita, hufunika mita za mraba 1,000. Kwenye picha ya rada yenye vipande vya mita 10 kwa 10, hivyo ni vipande kumi tu, na hupotea kirahisi. Oili chafu ikimwagwa mwaloni baada ya kutengeneza injini ya boti haitaonekana kutoka angani. Atakayeiona ni mama anayeanika dagaa na mtoto anayechota maji. Tena Sentinel-1 moja hurudia njia ileile baada ya siku 12.

"Rada hujua ni mafuta gani." Hapana, hilo ni kazi ya sampuli. Ukiona utando wa rangirangi unaonuka dizeli, piga picha, andika mahali na saa, uwahishe taarifa kwa viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi mwaloni), NEMC (baraza la mazingira) au TASAC (shirika la uwakala wa meli). Dizeli husambaa na kuyeyukia hewani upesi, na bila saa kamili ni vigumu kulinganisha ulichokiona na safari za meli za siku hiyo.