Boti za mifereji ya Uingereza: dhana potofu na ukweli wake

Ukipita kando ya Regent's Canal, London, utaziona zimefungwa zikifuatana: boti za chuma ndefu, nyembamba, nyingine zimechorwa mawaridi na makasri, bomba la moshi likichomoza juu ya paa. Upana wake ni mita 2 na kidogo tu, kwa kuwa malango ya maji (vyumba vyenye milango ambamo maji hujazwa au kushushwa ili boti ipande au ishuke) ya mifereji mingi ya zamani hayapitishi kinachozidi hapo. Kodi za nyumba zikipanda, wapo wanaowaza kuhamia humo. Tatizo ni yale wanayoambiwa.

"Utafunga boti popote, bure, muda utakao."

Hapana. Sehemu kubwa ya mifereji ya Uingereza na Wales iko chini ya Canal & River Trust, shirika la hisani lililorithi kazi hiyo mwaka 2012. Ili upate leseni, unatakiwa uwe na bima na cheti cha usalama; boti hukaguliwa upya kila baada ya miaka 4. Asiye na gati la kudumu anabanwa na sheria ya 1995: asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, na awe msafiri kwelikweli. Kusogea mita mia mbili kisha kurudi ulikotoka hakuhesabiwi kuwa safari. Mwenye mtoto shuleni au kazi ya kila asubuhi ndiye anayeumia, maana njia yake inabadilika kila baada ya wiki mbili.

"Chuma kwenye maji baridi hakihitaji matunzo."

Hii ndiyo dhana inayowatia watu hasara kubwa. Boti nyingi za kisasa hujengwa kwa bamba la milimita 10 chini, 6 ubavuni na 4 juu. Kutu hupenda usawa wa maji, pale chuma kinapopata maji na hewa kwa pamoja. Kwa hiyo kila miaka miwili au mitatu boti hutolewa majini, huoshwa kwa maji ya kasi, hukwanguliwa, kisha hupakwa lami nyeusi. Waliowahi kuona jahazi likipandishwa ufukweni na kupakwa chini hawatashangaa. Ubavuni huchomelewa vipande vya magnesiamu ili viliwe na kutu badala ya bamba. Ukichomeka umeme wa gati bila kifaa cha kuzuia mikondo midogo ya umeme, waya wa ethi (waya wa usalama uendao ardhini) unaiunganisha boti yako na za majirani, na vipande hivyo vinaisha kabla ya wakati. Ukitaka kununua boti kuukuu, mlipe mkaguzi apime unene wa bamba kwanza. Rangi nzuri ya juu haisemi lolote kuhusu chini.

Kuna na kazi ya kila siku. Jioni injini ikizimwa, nahodha hukaza kikombe cha grisi pale mhimili wa rafadha (panga la kusukuma boti) unapotokea nje, ili maji yasipenye. Matone machache wakati wa mwendo ni kawaida kwa boti nyingi. Yakiendelea boti imesimama, maji hujaa ngamani, chini kabisa ndani ya boti. Rafadha ikisokotwa na mifuko au nguo, huzimwa injini, hufunguliwa mfuniko wa chuma ulio juu yake, na mkono unaingia majini. Mfuniko usiporudishwa sawasawa, boti inaweza kuzama.

"Mwendo ni wa miguu, hatari iko wapi?"

Kikomo ni kilomita 6 na kitu kwa saa, na maji mara nyingi hayafiki kifuani. Lakini ndani ya lango la maji, nyuma ya milango ya upande wa maji ya juu, kuna kizingiti cha mawe kisichoonekana. Maji yakishushwa huku tezi (nyuma ya boti) imekaa juu ya kizingiti, omo (mbele yake) huzama na boti inaweza kujaa maji kwa dakika chache. Mstari mweupe ukingoni huonyesha kizingiti kinapoishia: kaa mbele yake.

"Baridi ya Januari haivumiliki."

Jiko dogo la kuni na makaa ya mawe hupasha chumba chote. Cha kuogopa ni wanaoziba matundu ya hewa ili wapate joto: monoksaidi ya kaboni, gesi ya sumu itokanayo na moto, haina harufu, na tangu Aprili 2019 boti za kuishi zinalazimika kuwa na king'ora chake.

"Lazima uwe na cheti cha unahodha."

Kwa boti yako binafsi, hapana, ingawa mafunzo ya siku moja yanafaa sana.

"Choo humwagwa mferejini."

Ni marufuku. Wengi wana tangi dogo la kubeba, na likijaa unalikokota mwenyewe hadi kituo cha kumwagia, mvua inyeshe isinyeshe.