Elimu kwa Umma: Kwa Nini Mgodi wa Makaa ya Mawe Uliofungwa Hauingiliwi

Kufuatia malalamiko ya wananchi wanaohoji kwa nini wanazuiwa kuingia katika mashimo ya zamani ya makaa ya mawe ilhali hayana mwenyewe, ni vyema tukarejea historia ya Mgodi Namba 2 wa Wankie, maarufu kama Kamandama, katika eneo ambalo leo ni Hwange, Zimbabwe.

Tarehe 6 Juni 1972 ulitokea mlipuko chini ya ardhi katika mgodi huo, na watu 427 wakapoteza maisha. Gesi ya methani hulipuka inapofikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, na katika migodi ya makaa mlipuko wake hutimua vumbi la makaa lililotuama sakafuni na kutani, nalo likishika moto huenea kutoka njia moja hadi nyingine kwa kasi isiyokimbilika. Baada ya moto hubaki monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Milipuko ilipojirudia, uokoaji ulisitishwa na mgodi ukazibwa, huku miili ya wengi ikiwa ingali humo. Uamuzi huo ulikuwa mchungu, lakini anayeuona kuwa ni ukatili hajazingatia kwamba hewa inayoingia ndiyo inayoulisha moto.

Kuzibwa hakuondoi gesi. Kanieneo ya hewa ya nje inaposhuka, kama inavyotokea dhoruba inapokaribia, mgodi hupumua na gesi hutoka kupitia nyufa. Kushusha mshumaa shimoni ili kupima hewa, jambo ambalo bado tunalisikia, si kipimo hata kidogo: monoksidi ya kaboni inaweza kumuua mtu mshumaa ukiwa unawaka, na methani huhitaji cheche tu.

Kwa Tanzania, anayeona moshi, ufa au ardhi inayotitia karibu na machimbo ya zamani atoe taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, ambaye ataiwasilisha kwa maandishi kwa Mtendaji wa Kata, na nakala kwa Afisa Madini Mkazi, ikionyesha mahali, tarehe na jina la mtoa taarifa. Kuchimba bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Madini, Sura ya 123, na adhabu yake ni faini, kifungo au vyote viwili. Kwamba uzio ulikuwa umeshakatwa na mtu mwingine si utetezi, na kwamba kilichochukuliwa ni kiroba kimoja cha makaa ya kupikia si leseni.