Kumaliza mkopo hakumalizi mamlaka ya chama cha wamiliki wa nyumba

Miongoni mwa Waafrika Mashariki walionunua nyumba Marekani, ipo imani ya siku nyingi kwamba mtu akishamaliza mkopo wa benki, chama cha wamiliki wa nyumba wa mtaa wake, ambacho huwatoza ada za kutunza mali ya pamoja, hakiwezi tena kumgusa. Imani hiyo si sahihi, nayo ni ya hatari.

Wajibu wa kulipa ada hautokani na mkopo, bali na masharti yaliyosajiliwa pamoja na ardhi, ambayo kila mnunuzi huyarithi, awe ameyasoma au la. Huko Texas, ambako katiba hulinda makazi ya familia dhidi ya wadai wengi, Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua mwaka 1987, katika kesi ya chama cha Inwood North dhidi ya Harris, kwamba nyumba inaweza kuuzwa ili kulipia ada zilizolimbikizwa. California imeweka kizingiti: nyumba haiuzwi kwa malimbikizo yasiyofikia dola 1,800, isipokuwa deni limepita miezi 12.

Chama si adui, kwa kuwa ada hizo ndizo zinazotengeneza barabara za ndani na kutunza bwawa. Wala mamlaka yake hayakosi mipaka. Tangu 1996, kanuni za shirikisho humruhusu mwenye nyumba kufunga dishi lisilozidi mita moja katika eneo lake mwenyewe, hata chama kikikataza.

Kabla ya kutia saini, omba masharti hayo pamoja na hesabu za mfuko wa akiba wa chama, kwani mfuko ukiwa mtupu, paa la jengo la pamoja likivuja wamiliki wote hutozwa mchango wa ghafla.