Ndege Iliyovuja Ardhini

Kazi yangu ni matangi ya mafuta. Ukipanda ndege ya abiria ukakaa dirishani karibu na bawa, mafuta ya safari yako yamo mle bawani, chini ya bati unalolitazama. Hayamo kwenye pipa wala mfuko. Bawa lenyewe ndilo tangi. Kila mshono umepakwa silanti, gundi ya kuzuia kuvuja, kwa ndani, na silanti ikipasuka mahali, mimi ndiye ninayeingia kwenye kitundu kilicho chini ya bawa, bega moja kwanza kisha la pili, taa isiyotoa cheche mkononi na kipimahewa kiunoni, kwenda kuutafuta mshono huo kwa vidole. Nina miaka 18 katika kazi hii.

Kwetu tone moja ni habari nzito. Tunalipangusa doa, tunapaka unga, tunasubiri dakika 30, kisha tunapima limetanda kiasi gani. Doa dogo tunaliandika na kulifuatilia. Mafuta yakitiririka mahali pabaya, ndege hairuki, hata kama abiria wamekwisha kufunga mikanda.

Sasa fikiria fundi mwenye mazoea hayo anapoipenda ndege iliyokuwa ikidondosha mafuta sakafuni kila siku ya maisha yake.

Niliiona kwa macho yangu Duxford, karibu na Cambridge, Jumapili ya mwisho ya kozi ya wiki tatu iliyonipeleka Uingereza. Katika jengo la ndege za Kimarekani imesimama SR-71 Blackbird nambari 962, ndege ya upelelezi ya jeshi la Marekani. Ni nyeusi ti, ina urefu wa karibu mita 33, na ni bapa kama samaki taa. Nilikuwa naijua kwa picha tangu chuo cha ufundi. Nilipoikaribia nilisimama nikaishiwa maneno, na waliokuja na watoto wao wakanipita kushoto na kulia.

Hii 962 ndiyo iliyopanda hadi mita 25,929 tarehe 28 Julai 1976 na kuendelea kuruka sawasawa huko juu. Siku hiyohiyo dada yake, 958, ilikimbia kilomita 3,529 kwa saa. Miaka miwili kabla, tarehe 1 Septemba 1974, Blackbird nyingine ilitoka New York hadi London kwa saa 1, dakika 54 na sekunde 56. Zilijengwa 32, zote na kiwanda cha Lockheed, chini ya mhandisi Kelly Johnson, na ya kwanza iliruka tarehe 22 Desemba 1964. Kumi na mbili ziliangamia katika ajali. Kwa makombora ya adui, hata moja. Rubani akiona kombora linakuja, alichofanya kwa kawaida ni kuongeza kasi.

Wapenzi wa ndege wanazijua takwimu hizi kama wanavyojua majina ya watoto wao. Wanaijua pia hadithi ya kuvuja, na hapo ndipo mimi hukatiza mazungumzo. Husemwa kwamba ilivuja vibaya hivi kwamba ikishapaa ilibidi ikimbilie ndege ya kuijaza mafuta, la sivyo ingekauka. Sivyo. Ikijazwa kabisa ilibeba tani 36 hivi za mafuta, zaidi ya nusu ya uzito wake wote. Injini moja ikizimika wakati wa kupaa ikiwa na mzigo huo, rubani ana nafasi finyu sana ya kuiokoa, na matairi na breki nazo zinaelemewa. Kwa hiyo ilipaa nyepesi kwa makusudi, halafu ikakutana angani na ndege ya mafuta, KC-135Q, ikajazwa. Kujazwa pomoni kule juu kulisaidia pia kuitoa hewa ndani ya matangi, na kadiri mafuta yalivyopungua, nafasi yao ilishikwa na naitrojeni, gesi isiyochochea moto. Katika joto la safari ile, hewa ya kawaida ndani ya tangi ingekuwa hatari.

Kuvuja kulikuwepo kweli, na sababu yake naielewa kupitia kwa babu yangu.

Babu alikuwa fundi wa majahazi Matondoni, Lamu. Jahazi likishakalafatiwa, pamba iliyolowekwa mafuta ikashindiliwa katika kila mwanya kwa patasi na nyundo, unadhani limekuwa kavu milele. Lakini liache juani wiki kadhaa, kisha lishushe baharini: linaingiza maji kila upande, na vijana wanakaa ndani kufua maji. Babu hakushtuka hata kidogo. Alituambia tusubiri mbao zinywe. Zikishakunywa zinavimba, zinakumbatiana, na maji yanakoma. Jahazi limepimwa kwa ajili ya kukaa majini, na ukilitazama likiwa pwani juu ya magogo unalitazama likiwa nje ya umbo lake.

Blackbird nayo ilipimwa kwa moto. Ikienda zaidi ya mara tatu ya kasi ya sauti, hewa inayosagwa mbele yake ilipasha sehemu kubwa ya ngozi yake zaidi ya nyuzi 230 za Selsiasi, na kioo cha mbele kikapita 300. Chuma kikipata moto kinatanuka, na ndege nzima iliongezeka urefu kwa sentimita kadhaa. Ukiifunga kila kiungo barabara ikiwa baridi, itajikunja ikipata moto. Wakaiacha na nafasi za kutanukia. Silanti tunayotumia sisi inastahimili nyuzi mia na ushee. Yao ilibidi ibebe zaidi ya mara mbili ya hapo, ipoe, ipate moto tena, safari baada ya safari. Ilikakamaa, ikapasuka, na mafuta yakapata njia. Mafundi walikuwa na viwango vyao vya matone kwa dakika, mahali hapa yanaruhusiwa kadhaa, pale machache. Yakizidi, mtu anaingia ndani ya tangi. Nawaza mikono ya mtu huyo, maana naijua kazi yake: umelala kwa ubavu, kiwiko kimebanwa, unakwangua silanti ya zamani kwa kipande cha plastiki usije ukalikwaruza bati, na harufu ya mafuta haitoki nguoni hata ukifua mara tatu.

Mafuta yenyewe hayakuwa ya kuogopwa kama petroli. Yaliitwa JP-7, na mvuke wake haukuweza kushika moto mpaka yafike nyuzi 60 hivi. Yalikuwa magumu kuwaka kiasi kwamba kuwasha injini kulihitaji kemikali nyingine, TEB, ambayo hulipuka kwa mwali wa kijani ikigusa hewa. Kila injini ilibeba TEB ya kuwashia mara 16 hivi. Na kabla ya kuchomwa, mafuta hayo yalizungushwa ndani ya ndege kubeba joto la mitambo na la chumba cha marubani. Yalikuwa maji ya kupozea na chakula cha injini kwa wakati mmoja. Kila nikilifikiria hilo naona jinsi walivyojua kukitumia kila walichokuwa nacho.

Sehemu kubwa ya umbo lake ni titani, metali nyepesi inayostahimili joto, na wakati ule mafundi walikuwa bado wanajifunza tabia zake. Vichwa vya boliti vilianza kukatika bila sababu inayoonekana, mpaka ikagunduliwa kwamba spana zao zilipakwa kadimiamu, metali ya kuzuia kutu, na kadimiamu ikigusa titani kisha ikapata joto, huidhoofisha. Spana zote za aina hiyo zikaondolewa kwenye masanduku. Kisha ikaonekana kwamba bati zilizochomelewa majira ya joto ziliharibika mapema kuliko za majira ya baridi. Walifuatilia hadi bombani: mji wa Burbank, kilipokuwa kiwanda, uliongeza klorini katika maji wakati wa joto kuzuia mwani, na bati zilioshwa kwa maji hayo. Wakahamia maji yaliyokenekwa, yasiyo na klorini. Aliyesema kwa mara ya kwanza, "Hebu tuangalie maji," nampa heshima sawa na rubani yeyote. Na titani nyingi ilitoka Umoja wa Kisovieti, ikinunuliwa kupitia kampuni za katikati ili muuzaji asijue inakwenda kujenga ndege ya kumpeleleza yeye.

Mbele ya kila injini kuna mwiba mkubwa wa umbo la pia. Ndege ikipita kasi fulani, mwiba huo ulirudi nyuma taratibu, jumla ya sentimita 66, ili mawimbi ya mshtuko yakae mahali pake na hewa iingie ikiwa imepungua kasi na kubanwa vizuri. Katika kasi ya juu, zaidi ya nusu ya nguvu ya kusukuma ilitokana na njia hiyo ya hewa, si na injini yenyewe. Wimbi likitoka mahali pake, upande huo ulipoteza nguvu ghafla na ndege ikatupwa ubavu.

Tarehe 25 Januari 1966 Bill Weaver na Jim Zwayer walikuwa wakiijaribu ndege moja katika kilomita 24 juu ya ardhi, wakiwa katika kona, wimbi la injini ya kulia lilipotoka. Ndege ilimeguka wakiwa ndani. Weaver hakuvuta mtambo wa kujirusha. Ndege ndiyo iliyomtoka. Alizimia, akazinduka yumo angani anaanguka, amevaa suti yake iliyojaa hewa, kioo cha kofia kimefunikwa barafu. Mwavuli ulijifungua wenyewe, akatua New Mexico kwenye shamba la mifugo, na mwenye shamba akamfuata kwa helikopta yake. Zwayer alifariki. Weaver alirudi kuziendesha ndege hizohizo.

Pale Duxford nilizungumza na mzee wa Suffolk aliyekuja, alisema, "kuisalimia". Katika miaka ya 1980 alikuwa akisimama kwenye ua wa uwanja wa ndege wa Mildenhall, ambako Marekani iliweka Blackbird mbili. Yeye na wenzake hawakuambiwa inaruka saa ngapi. Walijifunza kusoma ishara: ndege za mafuta zikipaa kwanza, walijua. Alinionyesha kwa kiganja kifuani jinsi mlio ulivyoingia mwilini kabla ya masikio, na akanichorea hewani vile vipande vya mwanga vilivyopangana ndani ya moto wa injini kama shanga kwenye uzi. Okinawa, ambako nazo zilikaa, watu waliipa jina Habu, nyoka mwenye sumu wa kisiwa kile, na marubani wake wakajiita Habu mpaka uzeeni.

Nilimuuliza yule mzee kama alijua habari ya Bahari ya Baltiki. Aliijua. Tarehe 29 Juni 1987 Blackbird moja iliharibikiwa injini karibu na anga ya Wasovieti, ikashuka chini ikiwa haina kasi yake, ndiyo kinga yake kubwa. Ndege nne za kivita za Sweden, nchi ambayo wakati huo haikufungamana na upande wowote, ziliifuata na kukaa pembeni yake mpaka ikawa salama. Marubani wale wanne walipewa nishani na Marekani mwaka 2018, baada ya miaka 31. Mzee alinyamaza kidogo, akavua miwani akaifuta.

Jeshi liliziweka kando mwaka 1990, likazirudisha chache kwa muda, na NASA ikarusha ya mwisho Oktoba 1999.

Kabla ya kuondoka nilichutama chini ya bawa la 962, pale uzio uliponiruhusu kufika. Niliufuata mshono mmoja kwa macho, kutoka ubavuni hadi kwenye injini, kama ninavyofanya kazini. Kisha, kwa mazoea, nikatazama sakafu chini yake. Ilikuwa kavu kabisa.