Je, wajua kwa nini mizinga mikubwa ya kwanza ilirusha mawe?

Wengi hudhani mizinga mikubwa ya karne ya 15 ilirusha mawe kwa sababu chuma kilikuwa haba. Lakini Mons Meg, mzinga ulioundwa mwaka 1449 kwa ajili ya mtawala wa Burgundy, Philip the Good, na sasa uko katika ngome ya Edinburgh, una uzito wa tani 6 hivi na wote ni chuma. Mwenye chuma cha kuunda mtutu kama huo hakukosa cha kuundia tufe. Ni kweli kwamba kusubu matufe makubwa ya chuma, yaani kuyeyusha chuma na kukimimina kwenye kalibu, kulikuwa kugumu enzi hizo, ila sababu kubwa ni mtutu wenyewe.

Tundu la Mons Meg lina upana wa karibu sentimita 50. Tufe la jiwe linaloingia humo lina kilo 160 hivi; la chuma lingezidi kilo 400. Baruti ikiwaka hugeuka gesi. Tufe jepesi huondoka upesi, nafasi ya nyuma yake ikapanuka na shinikizo likashuka. Tufe zito hukawia, na gesi huzidi kujazana palepale.

Mtutu nao ulikuwa wa kuunganishwa. Wahunzi walipanga pau ndefu za chuma kwa duara, wakazivisha pete zikiwa za moto ili zikipoa zibane, kama mikanda ya pipa la mbao. Pete yenye kiungo kibovu hukatika hapohapo. Mwaka 1460 mfalme James II wa Scotland aliuawa na mzinga uliopasukia kando yake. Mons Meg wenyewe ulipasuka miaka ya mwanzo ya 1680, tena kwa mlio wa heshima tu, na pengo la pete zilizong'oka linaonekana hadi leo.

Ndiyo maana kujaza baruti kulikuwa na kipimo. Mwongozo wa Kijerumani wa karibu 1420 unagawa chumba cha baruti mafungu matano: matatu ya baruti, moja tupu, na la mwisho kizibo cha mti laini kilichogongwa kwa nyundo. Kizibo kilizuia gesi mpaka ipate nguvu ya kusukuma. Bila kile kifungu kitupu, chumba chenyewe kilikuwa hatarini.

Mitutu ya shaba nyeusi iliyosubiwa kipande kimoja ndiyo iliyomudu matufe ya chuma. Charles VIII wa Ufaransa aliingia nayo Italia mwaka 1494. Waturuki hawakuacha mawe: mwaka 1807, mizinga yao mikubwa kwenye mlango wa bahari wa Dardanelles ilizipiga manowari za Uingereza kwa mawe ya zaidi ya kilo 300.