Kwa nini Dar hadi Nairobi ni dakika 47 kwa hesabu, lakini tiketi inasema saa moja na robo?

Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi Jomo Kenyatta ni kilomita kama 665 kwa mstari ulionyooka. Gawanya kwa 850, kasi ya kawaida ya ndege ya jeti ikiwa juu, unapata dakika 47. Mbona basi ratiba huandika saa moja na robo hivi?

Kwanza, muda wa tiketi huanza kuhesabiwa ndege inapotoka kwenye maegesho, na huisha inaposimama kwenye maegesho ya pili. Kule kutambaa hadi njia ya kurukia, kusubiri foleni na kutambaa tena baada ya kutua kunameza robo saa bila shida.

Pili, kasi ile ya 850 haidumu. Kupanda hadi futi 35,000 huchukua karibu dakika 20. Kushuka nako huanza mbali: marubani hukadiria maili 3 za baharini (kama kilomita 5.5) kwa kila futi 1,000 za kushuka. Jomo Kenyatta uko futi 5,330 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kuna futi kama 30,000 za kupoteza, na safari ya kushuka inaanza kilomita 165 hivi kabla ya uwanja. Ukienda Dar, iliyo karibu na usawa wa bahari, ni karibu 195. Chini ya futi 10,000, kikomo cha kawaida cha kasi ni noti 250, yaani kilomita 460 kwa saa. Sehemu ya kukimbia kwa kasi kamili inabaki kama dakika 20 tu!

Halafu kuna upepo wa uwanjani. Ndege hutua ikiukabili upepo, na Nairobi upepo mara nyingi hutoka mashariki. Inayotoka Dar hulazimika kuzungukia upande wa kusini-magharibi wa uwanja, kisha igeuke ndipo itue. Dakika kadhaa hizo.

Aina ya ndege nayo iangalie kwenye tiketi. ATR 72, ile ya mapangaboi, huenda karibu kilomita 500 kwa saa, hivyo safari hurefuka.

Upepo wa juu angani hauna neno sana karibu na ikweta. Kwenye safari ndefu za kaskazini ndiko unakotisha. Nairobi hadi New York ni kilomita kama 11,800. Kenya Airways, iliyoanza safari hiyo ya moja kwa moja Oktoba 2018, hutumia takriban saa 15 kwenda na 14 kurudi. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, kati ya kilomita 9 na 12 angani, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda Marekani anaupinga, anayerudi anasukumwa.

Ukikokotoa muda wa safari hiyo kutoka kwenye tiketi, kumbuka saa zote huandikwa kwa majira ya mahali husika. Ukiondoka Nairobi 23:30 na kufika 06:30, tiketi inaonekana kusema saa 7. Ongeza 8, kwa kuwa New York iko nyuma kwa saa hizo wakati wa baridi ya huko. Kiangazi cha huko ongeza 7.